Guka na Mbwa Aliyebaki Kitale

Mwanangu Barasa,

Sikuulizi hali kwa sababu nakusikia ukikohoa chumba cha pili. Begi umelifunga, ukalifungua, ukalifunga tena. Mambo ya pasipoti, ya sweta, na ya kutokubali kumbebea mtu mzigo usioujua umeambiwa na kila aliyepita hapa Bokoli wiki hii. Sina la kuongeza. Mimi nataka kukuandikia juu ya mbwa.

Ukishafika Doha, mtu usiyemjua atakukabidhi mbwa usiyemjua, akuambie huyu ndiye mwenzako wa kazi. Jambo hilo bado limemkwama baba yako kooni. Ulimsikia Jumapili: "Nimesomesha kijana mpaka chuo, ati aende ng'ambo kuvuta mbwa na kamba." Niliendelea kuwapakulia wageni. Lakini anajua, kama ninavyojua mimi, kwamba kazi hii haikuanzia kwenye tangazo uliloliona kwenye simu. Ilianzia kwa mbwa wetu Watasema, na Watasema alikuja kwetu kwa sababu ya kifo cha Guka, baba yangu. Kifo hicho ulikipata vipandevipande. Ulikuwa kidato cha kwanza, bwenini, na tulipokuja kukuchukua kwa mazishi hakuna kati yetu aliyekuwa na nguvu ya kueleza. Baadaye ukaacha kuuliza. Nadhani uliniona uso.

Baba yangu alitoka Murang'a akiwa kijana, akapata shamba nje ya Kitale, upande wa Kiminini, akalima mahindi mpaka mgongo ukapinda. Hakuwahi kukaa bila mbwa, na majina aliwapa ili majirani wasikie. Kulikuwa na mmoja aliyeitwa Hamjui. Mwingine, wakati wa ugomvi wa mpaka, aliitwa Tupimiwe, na kila jioni Guka alisimama kwenye ua akimwita kwa sauti mpaka jirani akakubali mpimaji aletwe. Watasema alipata jina lake mwaka aliofariki Shosho, mama yangu. Watu walikuwa wameanza kunong'ona kwamba mzee amebaki peke yake, anaongea na mbwa, wanakula sufuria moja. Aliposikia hivyo akasema, "Watasema," na jina likabaki hilo. Unamkumbuka mwenyewe: rangi ya udongo mkavu, sikio la kushoto limekatika ncha, miguu mirefu kuliko mwili.

Kichwa cha Guka kilianza kupotea polepole. Alipanda mstari mmoja wa maharagwe mara mbili. Alienda dukani akasahau alichofuata. Jirani yake, Mama Chebet, alinipigia simu siku moja akicheka: "Mwalimu, siku hizi mzee analetwa nyumbani na mbwa. Mbwa mbele, mzee nyuma." Nilicheka pia. Nilikuwa nimesimama nje ya darasa na chaki mkononi, nikacheka, kisha nikaingia kufundisha. Leo nikikumbuka kicheko kile natamani mtu angenishika bega pale pale. Mama Chebet alikuwa ameniambia jambo kubwa kuliko lolote nililopaswa kujua juu ya baba yangu, na mimi nililisikia kama kichekesho.

Kisha jiko likaungua. Aliacha kuni zikiwaka akaenda shambani, na paa la jikoni likashuka lote. Mjomba wako Kamau alitoka Nakuru, mimi nikatoka Bungoma, tukakutana kwa Guka Jumamosi, na kabla ya jua kutua tulikuwa tumeshaamua maisha yake.

"Baba, utakuja kukaa kwangu," nikamwambia.

"Sawa. Na Watasema?"

"Mwenye nyumba hataki mbwa."

"Basi atalala nje."

"Baba, ni ploti. Hapo nje ni pa wapangaji wote."

Alimtazama mbwa, kisha akanitazama mimi. "Huyu si wa kuachwa, Wanjiru."

Kamau akacheka. "Baba, mbwa ni mbwa bana. Mama Chebet atamlisha."

Guka hakubishana. Alichukua koti lake na fimbo, akaingia kwenye gari. Watasema alikuwa amefungwa mnyororo kwa Mama Chebet, na tulimsikia mpaka tulipofika barabara ya lami. Guka alikaa mbele, mikono mapajani, akitazama mbele kama mtu anayepelekwa hospitali.

Sikumkatalia kwa chuki. Nilikuwa na karatasi za mtihani mezani, nilikuwa na wewe wa kununulia godoro la bweni, nilikuwa nimechoka. Siku ile yote sikumwuliza baba yangu swali lolote ambalo sikuwa nalo jibu tayari. Ukiwa mtu mzima mwenye mshahara na mzazi wako ameanza kusahau, ni rahisi sana kuongea naye hivyo. Unadhani unamtunza.

Kule Bungoma alikuwa akiniuliza kila tukikaa kula, "Watasema amekula?" Nami nikijibu, "Amekula, Baba." Sikuwa nimepiga simu. Nilijibu tu, jinsi unavyomjibu mtoto. Akaanza kuficha chakula. Nilipokuwa nafua koti lake nilikuta ugali mfukoni, siku nyingine nyama, siku nyingine sukuma wiki iliyooza. Nilimgombeza, Barasa. Nilimgombeza baba yangu mbele ya wapangaji, koti likiwa limening'inia mkononi mwangu, naye amesimama na shati pekee, akiitikia, "Haya, haya."

Mwezi wa kumi, mahindi yakiwa yamekauka mashambani, aliondoka. Mimi nilikuwa shuleni, baba yako kazini. Alipata gari, hatukujua la nani, na akashuka Misikhu, akaenda kwa Kukhu, mama wa baba yako. Kukhu ndiye aliyenisimulia, na kila aliposimulia alilia mahali pale pale.

"Karibu mkwe," alimwambia. "Uko peke yako?"

"Niko peke yangu. Naenda kumpa mbwa chakula."

"Mpaka Kitale? Si Wanjiru anajua?"

"Anajua. Ananiambia amekula. Na mimi najua hajakula."

Kukhu alimpa chai na ndizi mbivu. Alijua kuna kitu hakiko sawa, lakini kwa heshima ya ukwe hangeweza kumshika mkono amzuie. Alinipigia simu. Simu yangu ilikuwa kwenye droo ya ofisi ya walimu, sauti nimeizima. Nilipoiona jua lilikuwa limeshaanza kushuka.

Watoto wa Mama Chebet walimwona akifika. Walisema alikaa chini kwenye vumbi, mbwa akamrukia mpaka kofia ikaanguka, akacheka, akamlisha kutoka mfukoni. Kisha akafungua mnyororo, wakaondoka pamoja, mbwa mbele. Wakaenda kwenye nyumba yake. Kamau alikuwa ameshaweka kufuli jipya. Mtu aliyepita barabarani alimwona amesimama mlangoni akijaribu ufunguo wake wa zamani, akiugeuza, akiutoa, akiufuta kwenye suruali, akijaribu tena. Baada ya hapo hakuna aliyemwona.

Unajua mahindi ya Trans-Nzoia wakati ule. Yamekauka, yamekupita kimo, mistari yote inafanana, na shamba la huyu limeungana na la yule mpaka huoni mwisho. Mvua ya baridi ilinyesha usiku ule. Sisi tulitembea mle tukiita usiku huo, na kesho yake, na keshokutwa. Nilipita mahali ambapo baadaye niligundua palikuwa karibu naye kiasi cha kurusha jiwe. Mbwa hakubweka. Nimejiuliza sana kwa nini hakubweka. Labda sauti zetu alizijua, na hakuona sababu ya kubwekea watu wa nyumbani.

Waliompata ni vijana waliokuwa wakikata mahindi. Watasema aliwatokea kati ya mistari, meno nje, wakakimbia kuita watu. Nilipofika kulikuwa na umati, mapanga, rungu, na askari mmoja mwenye bunduki. Guka alikuwa amelala ubavu kama anayepumzika, na yule mbwa amesimama juu yake, mwili unatetemeka kwa njaa na baridi. Kunguru walikuwa kwenye mti wa karibu. Hawakuwa wamemgusa Guka. Mfuko wa koti lake ulikuwa umechanwa kwa meno.

"Mmeona?" mtu mmoja akasema. "Ameshaanza kula. Mbwa akionja mtu, si wa kuachwa huyo."

Askari akaniambia, "Mama, songa kando. Nimpige moja tumtoe mzee."

"Ngoja," nikasema.

"Wanjiru, toka hapo!" Kamau alipiga kelele. "Atakurarua!"

Mimi nilijua kilichokuwa kwenye mfuko ule. Mtu mwingine yeyote mle shambani hakujua. Nilijua kwa sababu nilikuwa nimekikuta nikifua, nimekitupa, nimemgombeza Baba kwa ajili yake. Nilikaa chini kwenye matope na nikamwita Watasema kwa Kikuyu, maana Guka hakuwahi kumsemesha kwa lugha nyingine. Aliendelea kunguruma. Nikaita tena, na sauti yangu ilipokatika kwa kilio akanyamaza, akanusa upepo, akaja. Hakuja kwa upendo, usidhani hivyo. Alikuja kama askari aliyechoka ambaye mwenzake amefika kushika zamu. Nikamfunga leso yangu shingoni. Ndipo wakamwinua baba yangu.

Daktari aliyeupima mwili alisema ni baridi na moyo, na kwamba hakuna jeraha hata moja la meno. Kamau bado alitaka mbwa auawe. Alisema ni mkosi, na kwamba kila akimwona atamwona Baba.

"Nitamchukua mimi," nikasema.

"Utampeleka wapi? Si mwenye nyumba hataki mbwa?"

Nilimpandisha garini, akalala penye miguu yangu, mbele ya kiti kilekile alichokalia Guka.

Hivyo ndivyo tulivyohamia Bokoli, mwanangu. Wewe uliambiwa tunataka kujitegemea. Ukweli ni kwamba mwenye ploti alitufukuza kwa ajili ya mbwa, tukaja kuishi kwenye nyumba isiyo na madirisha, tumepigilia mabati, tunachota maji kwa jirani. Jioni ya kwanza baba yako alisimama pale mlangoni akiwa na nyundo na kusema, "Haya yote ungeyafanya mzee akiwa hai." Alisema mara moja tu. Hajawahi kulirudia mpaka leo, na kwa hilo namheshimu. Lakini alikuwa amesema kweli.

Watu hupenda kusikia kwamba mbwa aliyefiwa hukataa chakula mpaka afe juu ya kaburi. Nimesahihisha insha za wanafunzi miaka mingi. Mbwa wa insha huitwa Simba, huuma mwizi ukurasa wa kwanza na kufa kwa huzuni ukurasa wa tatu, na mwanafunzi hutegemea alama nzuri. Watasema alikula siku ileile tuliyomzika Guka. Alikula ugali mwingi mpaka akatapika, akala tena. Mwanzoni jambo hilo liliniudhi. Niliona kama hamkumbuki Guka. Baadaye nikamwona jinsi alivyokuwa akikaa langoni kila asubuhi, ametazama upande wa barabara ya Kitale, dakika chache, kisha anarudi kwenye shughuli zake. Nikaelewa kwamba mtu anaweza kula na bado anasubiri. Mimi mwenyewe nilikuwa nikila.

Guka alitusimulia tulipokuwa wadogo kwamba zamani mbwa na mbweha walikuwa ndugu, wakiishi porini kwenye baridi. Mbwa akatumwa kwa binadamu kuomba moto. Akaota moto, akapewa mfupa, akasahau kurudi, na mbweha analia mpaka leo akimwita. Nilipoolewa, Kukhu akanisimulia ya kwao, tofauti kidogo. Binadamu alimfunga mbwa kamba usiku wa kwanza kwa kuogopa atatoroka. Asubuhi akaitoa. Mbwa akabaki pale pale. Nilimwuliza Kukhu kwa nini alibaki, akanitazama kama anayemtazama mtu asiye na akili, akasema, "Si alikuwa ameshawajua." Nimefundisha fasihi nusu ya maisha yangu, na katika ngano zote nilizopitia sungura ana werevu, fisi ana tamaa, simba ana nguvu. Mbwa hapewi sifa kubwa. Yeye anabaki tu, na hadithi inaendelea na wengine.

Wewe ulikuja likizo ukamkuta langoni. Hukuuliza mengi. Ulikaa naye mbali, ukasogea kesho yake, ukasogea tena, mpaka siku moja nikatoka nikakuta ametia kichwa kwenye kwapa lako na wewe unasoma kitabu. Hakuwahi kunifanyia mimi hivyo. Alinivumilia. Alipozeeka na miguu ya nyuma ikagoma, ulikuwa ukimbeba nje asubuhi na kumrudisha jua likiwa kali. Na mwaka jana, siku uliyomleta daktari wa mifugo, nilikutazama kutoka dirishani. Ulimshika kichwa mpaka mwisho, ukimwongelesha. Baba yako, huyuhuyu anayelalamika, ndiye aliyechimba kaburi. Majirani walicheka ati tunazika mbwa kama mtu. Alichimba bila kuwajibu.

Sasa unaenda. Kuna siku huko utaitwa mbwa, nakuambia mapema. Watu waliotangulia wamenisimulia. Utafanyishwa kazi kwenye joto ambalo mnyama unayemshika atapumzishwa na wewe hutapumzishwa, na chumba chake kitakuwa na ubaridi kuliko chako. Sitakudanganya kwamba hilo halitaumiza. Nakuomba tu lisije likakufanya umchukie yeye. Hajui anacholipiwa wala unacholipwa. Atajua mkono wako, na saa unayokuja. Mkataba ukiisha na wakuambie umwache kwa mwingine, mweleze huyo mwingine anavyopenda kuitwa. Mimi sikumweleza Mama Chebet chochote. Nilimpa mnyororo tu.

Kuna jambo la mwisho, na ndilo lililonifanya nikuombe usiifungue barua hii mpaka uwe umefika.

Muhula uliopita nilisimama mbele ya kidato cha tatu nikakosa neno kitendawili. Neno ninalolifundisha kila mwaka. Wanafunzi walidhani nawajaribu, wakanipigia makofi waliponitajia. Wiki mbili baadaye nilitoka sokoni Misikhu kwenda kwa Kukhu, njia niliyopita tangu nikiwa bibi harusi, nikajikuta nimesimama kando ya boma nisilolijua, na msichana mdogo akanishika mkono akanipeleka. Nimeonana na daktari Kitale. Anasema ni mapema, lakini hakusema kwamba si kitu. Baba yako anajua. Dada yako nitamwambia mwenyewe.

Usirudi. Ukirudi kwa sababu ya barua hii nitakasirika, na kwa sasa bado nina akili ya kukumbuka hasira yangu. Fanya kazi yako. Lakini itafika siku wewe na dada yako mtakaa chini kuamua nikae wapi, na nani, nibebe nini na niache nini. Mtakuwa mmechoka, mtakuwa na haraka, na mtakuwa mnanipenda, kama mimi na Kamau tulivyompenda baba yetu. Siku hiyo nikalisheni kwenye kiti, mniulize kuna nini nisichoweza kukiacha. Kinaweza kuwa kuku. Kinaweza kuwa dirisha. Pengine nitajibu upuuzi, pengine nitawaita kwa majina ya watu waliokufa. Niulizeni tena. Na nikisema kitu hicho hakijala, msiniambie kimekula. Nendeni mkaangalie.

Mama yako anayekupenda,
Wanjiru